Popo Juu ya Madhabahu

Kinyesi kilimdondokea Beryl Tapsell shingoni akiwa amepiga magoti, na wala hakuwa anasali. Alikuwa anakwangua madhabahu.

"Mashetani nyie!" aliwafokea popo waliojazana kwenye boriti kuukuu za mwaloni. Kanisa zima la Nether Cobley lilinuka mkojo. Hata sanamu ya bwana wa kale, aliyelazwa juu ya kaburi lake la mawe, ilichuruzika michirizi myeusi mdomoni.

Joan, jirani yake, aliishia mlangoni na leso puani.

"Shoga, toka humo tukanywe chai. Mimi siingii tena. Juzi kinyesi kilitua kwenye kikombe cha ushirika, na mimi ndiye niliyefuata kunywa!"

"Ndiyo maana watu hawaji. Na wasipokuja, askofu atamuuzia kanisa yule wa London."

Yule wa London, Crispin Vane, alikuwa haishi kuja. Kila mara alisimama katikati ya kanisa, akatazama juu, akakunja uso kama aliyelamba shubiri.

"Uchafu gani huu, bibi?" alisema safari iliyopita, akifuta kiatu. "Mnauvumiliaje?"

Beryl aliona aibu hadi masikio yakawaka moto. Kasisi alishaonya kwamba popo wanalindwa na sheria, wasiguswe. Lakini humu ndimo alimobatizwa, akaolewa, akamuaga mumewe. Alipandisha taa kali darini, akaziacha ziwake mchana na usiku.

Popo wakahama.

Akasugua kwa siki hadi kucha zikamuuma. Wiki kadhaa baadaye, Jumamosi, mawe ya sakafu yaling'aa na kanisa likanukia nta. Joan aliingia mwenyewe, maua mikononi, akavuta pumzi ndefu.

"Mama yangu! Kesho tutakosa pa kukaa, Beryl. Nimewaambia wote, hata wale walevi wa baa."

Beryl alicheka huku machozi yakimtoka.

Crispin Vane akatokea mlangoni. Alitazama boriti tupu, kisha akaja mbio na kumkumbatia Beryl.

"Bibi, nikulipe nini? Askofu alishasaini kuniuzia kitambo, lakini popo wakiwamo, sheria hainiruhusu kugeuza kanisa kuwa nyumba. Jana mkaguzi hakumwona hata mmoja. Mafundi wangu wanaanza Jumatatu."