Simu Iliyotolewa Kwenye Friji

Simu ilikuwa ya moto mama alipoichomoa chini ya kitambaa cha meza.

"Mwanangu, ungeiua kwa baridi! Nimeitoa kwenye friji zamani, nikakuwekea hapa. Siku hizi mnagandisha hadi simu, kama samaki?"

Mwandishi wa habari hakucheka. Kwa wiki nzima alijua simu hiyo imepandikizwa programu ya kijasusi, inayosikiliza hata skrini ikiwa nyeusi. Aliendelea kuibeba ili wanaomsikiliza wasijue ameshtuka, na leo aliifungia kwenye friji ili isisikie, kabla mgeni wake, karani wa bohari ya dawa, hajaketi.

Na karani alikuwa ametoka kusema, kwa sauti yake kamili, kwamba nyaraka za dawa bandia ziko kwa dada yake, ndani ya meza ya cherehani.

Uso wa karani ulisawijika. "Yuko peke yake na mtoto."

Simu ya karani ilibaki kazini, kama walivyokubaliana. Ya mama ilikuwa kwa fundi.

Mwandishi aliipokea simu kwa mama, joto lake likampenya kiganjani. Alinong'ona, "Namba yake unaikumbuka?"

Karani alinyoosha mkono. "Nipe hiyo hiyo."