Mchuzi wa Konokono wa Mlimani

Tangu asubuhi Mize alikuwa akipekua majani makavu mlimani pamoja na wifi yake, Subira, wakiambulia magamba matupu. Mumewe, Faki, alikuwa hoi kitandani, kifua kimembana, na alichoomba ni mchuzi wa konokono wa kisiwa chao, kama aliokuwa akipikiwa na marehemu mama yake. Lakini tangu msitu ufyekwe, konokono hao walikuwa wameadimika.

Adhuhuri walimkuta mmoja, hai, chini ya gogo lililooza.

"Mwache, wifi," Subira alimsihi. "Huenda huyu ndiye wa mwisho. Hana hata mwenzake."

"Na mimi nitabaki na nani?" Mize alijibu, akamfunga kwenye pindo la kanga.

Alimpika kwa chumvi na ndimu, akamwinua mumewe na kumnywesha kijiko kimoja. Faki alifumbua macho, akatabasamu. "Mama," alisema. Kisha kichwa kikamlalia Mize begani, kizito.

Subira akamfumba kaka yake macho. Mize alibaki ameshika kijiko cha pili, kimejaa, hajui akirudishe bakulini au akimwage.