Jembe la Siku ya Tatu

Hapo kale, kenge alipokuwa bado anajua kupiga hodi, alifika kwenye kichuguu cha nguchiro akiomba kivuli. Bi Chokochoko, nguchiro mkongwe, akamkaribisha. Siku ya tatu akampa jembe, maana ndiyo desturi: mgeni hula siku mbili, ya tatu hulima.

Kenge akachimba mtaro kuzunguka kichuguu kizima. "Aliyenipa jembe kanipa shamba," akatangaza. "Kuanzia leo, mkitaka kuingia, pigeni hodi!"

Bi Chokochoko aliona haya. Ukarimu wake ndio uliowatoa wajukuu nyumbani. Akawaza, kisha akaukusanya ukoo wote.

"Hodi, Bwana Mkubwa!"

"Karibuni," akajibu Kenge kwa maringo.

Wakaingia nguchiro arobaini, wakala, wakalala, wakala tena. Siku ya tatu Bi Chokochoko akanyoosha mkono.

"Bwana, sisi wageni wako. Leo ya tatu. Tupe jembe."

Kenge akalitazama jembe, akayatazama meno ya vinywa arobaini. Akalitoa.

"Na mimi je, bibi?"

"Wewe toka nje kwanza, mjukuu wangu, upige hodi. Tutaona kama tupo."