Chupa ya Kumi na Saba

Mama Taratibu alichungulia mlangoni, akatumbukiza kabichi iliyokatwakatwa kwenye maji yanayochemka, akahesabu kimoyomoyo mpaka mia mbili. Kisha akaiepua, akaimwagia maji baridi, akaisaga. Juisi ikatoka ya kijani, safi machoni. Nani angejua?

Amri ilibandikwa ukutani, mbele ya pua yake: KABICHI ISAGWE MBICHI. ISIPITE MOTONI. Mtaalamu wa maabara alimweleza tangu siku ya kwanza alipoajiriwa kufagia na kusaga. Ndani ya kabichi mna kitu kinachoweza kuua seli za saratani zinazofugwa kwenye chupa, lakini moto hukidhoofisha.

"Zikifa humu chupani, mama, si kwamba tumepata dawa ya watu," alisema. "Ila tutakuwa tumepata pa kuanzia."

"Nimesikia, baba."

Na kweli alisikia vizuri.

Walijaribu mara sita, na mara sita seli za chupa ya kumi na saba zikaendelea kustawi. Chupa hazikuandikwa majina, namba tu, na hiyo namba Mama Taratibu aliijua kabla hajaajiriwa. Mtaalamu akakonda.

"Nimekuwa mganga wa kabichi," alitania, "na mgonjwa wangu hataki kufa."

"Zinakula vizuri?" Mama Taratibu aliuliza, huku akipiga deki.

"Kunishinda mimi! Zile za akiba ziliharibika umeme ulipokatika mwaka jana, zikabaki hizi tu. Nazo zimeng'ang'ania kama kupe." Akacheka. "Lakini wewe omba ziendelee hivyo hivyo. Utafiti ukiisha, kibarua chako kimeota nyasi."

"Mungu ndiye mpaji," akajibu, akakamua tambara.

Dhambi haina mto laini wa kulalia. Kila alipopiga magoti kusali aliwaona wagonjwa wa wodi ya ng'ambo ya pili, na mama zao wameketi kwenye mabenchi, wakisubiri. Jumatatu asubuhi alibaki peke yake kwenye nyumba ya ibada baada ya wenzake kuondoka. Akatubu kwa machozi, akaomba apewe nguvu ya kuacha.

Alipofika maabara amechelewa, mashine ya kusagia ilikuwa imeshaoshwa.

"Nimesaga mwenyewe, mama, usihangaike," alisema mtaalamu. "Leo upumzike kidogo."

Usiku ule hakula. Jumanne alifuta kioo cha kabati la joto linalotunza chupa mara nne, mpaka mtaalamu akamwambia litatoboka.

Jumatano alimkuta ameinamia darubini, anacheka peke yake kama mwehu.

"Zimekufa, mama! Njoo uone!"

"Zote?"

"Zote! Juzi nilikuwa nimekata tamaa kabisa. Nikasema, kama zimenishinda mara sita, nizimwagie juisi seli zote zilizobaki, liwalo na liwe. Haikusalia hata moja."

Mama Taratibu akashika ukingo wa meza. Fagio likamponyoka.

"Kaa, mama, kaa." Mtaalamu alimvutia kiti. "Furaha nayo inachosha."

Akaketi karibu naye, sauti yake ikashuka.

"Unajua, mwenye seli hizi alikuwa binti mdogo tu. Walizitoa siku ya upasuaji, naye akafariki wiki ileile, hapo wodini. Mwaka wa tatu sasa. Laiti angekuwepo leo."

Mama Taratibu hakuyatoa macho yake kwenye chupa.

"Alikuwepo, baba," akasema. "Mpaka juzi, mwanangu alikuwepo."