Vani ya Ubaid

Yazid alikaza boliti ya mwisho kwa nguvu ya mkono tu, akaipangusa, kisha akaanza kuzilegeza zote tena, moja moja, kuanzia pembeni kuja kati. Alipomaliza aligonga bampa kwa spana mara tatu, ingawa bampa halikuwa na kosa lolote.

"Ubaid," sauti ilitoka dirishani, nyuma yake. "Chai yapoa, mwanangu."

"Naja, mama," alijibu, kwa sauti nzito kidogo kuliko yake.

Chirau, seremala wa nyumba ya pili, alisogea karibu na kushusha sauti. "Fundi, hiyo hedi waifunga au wailea? Pale Kilindini meli ishashusha mzigo na kuondoka, wewe bado wazunguka injini moja."

Yazid alicheka kidogo, akainama.

Ubaid alikuwa rafiki yake. Vani hii ilikuwa ikipeleka watoto shule Kizingo, mpaka siku ilipochemka kwenye foleni ya Feri na hedi, kile kifuniko kizito cha juu ya injini, ikapasuka. Ubaid alinunua nyingine, akafungua ile mbovu hapa hapa nyuma ya nyumba, akaenda kulala akiwa mzima. Asubuhi hakuamka.

Baada ya maziko Yazid aliona ni haki amalizie kazi ya mwenzake. Hakusomea ufundi, alijifunza kwa kutazama na kuuliza. Lakini spana ilipogusa chuma tu, Bi Amatullah, mamake Ubaid, ambaye macho yalikuwa yamemwishia na tangu msiba hakuwa ametia kitu mdomoni, aliita kutoka dirishani: "Ubaid, ushakula?"

Hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia mara ya pili. Yazid akaitika. Siku hiyo bibi alikula.

Ndiyo maana vani haikwisha.

Leo Nasiha, mjane wa Ubaid, alimwita. Alikuwa edani, akasema naye kutoka nyuma ya pazia la mlango.

"Shemeji, hiyo gasketi haijapatikana bado?"

"Bado, shemeji. Wameniambia kesho."

"Shule zafunguliwa Jumatatu. Ndugu yangu yuko tayari kuendesha, lakini wazazi wasema tusipoanza siku hiyo watatafuta gari jingine, na sisi hatuna riziki nyingine." "Sikuhimizi. Mungu akulipe kwa wema wako."

Afadhali angemtukana. Gasketi, ile karatasi ngumu ya kuzibia, ilikuwa mahali pake chini ya hedi, mpya. Hata kukaza sana hakuthubutu, asije akaifinya ikaharibika. Kuifunga sawasawa kulihitaji asubuhi moja tu.

Alikwenda kunywa chai yake chini ya dirisha. Ilikuwa imepoa kweli, na tamu mno, kama alivyopenda Ubaid. Aliinywa yote. Akimaliza kazi, Bi Amatullah atafiwa upya. Asipoimaliza, watoto wa Ubaid watakosa chakula.

Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya mapaa. Alitandika turubai juu ya injini, akakusanya spana zake ndani ya kikapu, akarudi kurejesha kikombe.

"Naiacha kwa leo, mama. Nitaendelea kesho."

Mkono wa Bi Amatullah ulipita kati ya nondo za dirisha, ukapapasa hewani mpaka ukapata bega lake, ukatulia hapo.

"Kesho ifunge, Yazid," alisema taratibu. "Wajukuu zangu wataka kula. Nawe uwe ukija tu kunywa chai, hata bila kugonga chuma."