Ruhusa ya Bi Mwanakheri

"Na siku ukiumwa wewe, nani atazilea?"

Hamidu alikuwa amekuja Kibuta kuomba ruhusa ya hadithi, sasa anaulizwa habari za homa zake.

"Yupo mwenzangu kazini, bibi. Salama, yule aliyekuja kukurekodi. Naye anajua kila kitu."

"Ehee," alisema Bi Mwanakheri, akaendelea kumenya mihogo yake kama mtu ambaye dunia haimdai haraka yoyote. Pembeni mwanawe, Mzee Jumbe, alikuwa akitia mpini kwenye jembe. Tangu mgeni apige hodi, mzee huyo alikuwa ameitikia shikamoo tu, kisha kazi yake ikawa kumtazama viatu.

Hamidu ndiye aliyeijenga hazina ya mtandaoni ya maktaba ya chuo, kule Kibaha. Humo zinawekwa tasnifu, tafiti na rekodi za sauti, ili mtu yeyote, popote alipo, azifungue bure. Ijumaa ilikuwa izinduliwe, na wageni walikuwa wamealikwa kusikiliza hadithi za kale za Bi Mwanakheri. Lakini mkuu wa maktaba, Mama Margareth, alikuwa ameshasema neno lake.

"Bila ruhusa ya mwenyewe haipandi hata moja. Na zisipopanda, Hamidu, huo mkataba wako mimi nitautetea kwa lipi?"

Jibu la bibi aliyelileta ni Salama: haruhusu kitu mpaka amwone kwa macho yake huyo anayeziweka. "Vaa shati la mikono mirefu," Salama alimwambia. "Na ukipewa kazi, ifanye." Hamidu hajapata kuweza kumkatalia Salama jambo. Alipiga pasi shati, akapanda gari kituo cha Kwa Mathias, akamalizia kwa bodaboda, vumbi mpaka kwenye kope.

"Kaa basi, umenisimamia kama mgambo," alisema Bi Mwanakheri, akamsogezea kisu. "Mikono yako si mizima? Menya."

Hamidu alimenya.

"Loo! Unamenya au unachonga mwiko? Punguza nguvu. Haya, niambie. Hizo hadithi zitalala wapi?"

"Kwenye kompyuta kubwa ya chuo, bibi. Ina chumba chake, kina kiyoyozi mchana na usiku."

"Na wewe unalala wapi?"

"Mimi? Kongowe. Nimepanga."

"Na nani?"

"Peke yangu."

Bi Mwanakheri alimtupia jicho Mzee Jumbe. Mzee Jumbe aligonga mpini.

"Usinione nauliza sana," alisema bibi. "Alishakuja mwingine hapa, na kinasa sauti chake. Kanihoji kutwa, kala wali na kuku, kaniita mama. Mpaka leo sijaona hata kisogo chake. Nyinyi wa mjini mkishapata, basi."

Hapo Hamidu alielewa ugumu wote umetoka wapi. Roho ikamtulia kidogo.

"Mimi nitarudi, bibi. Nitakuja na spika, mkae wote hapa uani mzisikilize."

"Wote husema watarudi. Na hicho kidude chenu kikiungua?"

"Hakitupotezei kitu. Kila hadithi ina nakala tatu. Moja ipo chuoni, moja Dodoma, nyingine mbali zaidi."

"Tatu!" Kisu cha bibi kilisimama hewani. "Kwa hiyo wewe ni mtu wa kuweka tatu tatu?"

"Hapana, bibi! Ni za hadithi tu. Mambo mengine moja linanitosha."

Mzee Jumbe alikohoa. Kilikuwa kikohozi chenye kicheko ndani yake.

"Na zikizeeka? Maana vitu vya simu vinazeeka upesi kuliko mimi."

"Zikizeeka tunazihamishia kwenye mtindo mpya, ziendelee kusikika. Hatutupi."

"Hutupi kilichozeeka?"

"Situpi, bibi."

"Na kila mpita njia ataingia humo achukue? Hata walevi?"

"Hata walevi, bibi. Bure. Lakini jina lako litabaki juu ya kila hadithi, na ukiona mahali nimekosea, ukinipigia simu narekebisha siku hiyo hiyo."

"Unakubali kukosolewa?"

"Nakosolewa kila siku. Salama hanibakizi."

Bi Mwanakheri alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kanga. "Umeoa?"

"Bado."

"Una kasoro gani?"

"Naogopa kuuliza."

"Hebu msikie! Anaogopa kuuliza, na hapa amekuja kufanya nini?"

"Hapa ni kazini, bibi."

Sufuria ilijaa mihogo. Hamidu aliona afadhali ajaribu sasa, kabla hajaambiwa akachote na maji. Alijifuta mikono, akatoa simu, akabonyeza kitufe cha kurekodi na kuiweka juu ya mkeka. Aliwaza Ijumaa, wageni wamekaa kwenye viti, na spika zimenyamaza.

"Bibi, nakuomba. Sema tu jina lako, kisha useme umeniruhusu. Basi."

Bi Mwanakheri aliitazama simu, akaigeuza kifudifudi.

"Ruhusa ya hadithi nilimpa mjukuu wangu Salama siku ile ile aliyonirekodi, anayo kwenye simu yake," alisema. "Leo tulikuwa tunakupima wewe."

Mzee Jumbe aliweka jembe chini, akafungua kinywa kwa mara ya kwanza. "Mimi ndiye baba yake. Ijumaa mna shughuli; mshenga wako aje Jumamosi."