Mbwa Asiyeshtuka

Shemeji yake mfugaji wa mbwa aliangusha sufuria sakafuni kwa makusudi. Watoto wa mbwa wakatawanyika, isipokuwa mmoja mweupe aliyeendelea kulamba bakuli.

"Huyu ndiye mwindaji!" akacheka. "Bunduki haimtishi. Wewe mwenyewe, shemeji, umeruka!"

Mfugaji aliliangalia sikio laini la yule mweupe, ambalo halikutikisika hata kidogo. Daktari wa mifugo alikuwa amemkanya asimpandishe jike wake kwa dume aliyezaliwa naye tumbo moja. Lakini mfugaji alitaka mbio zao tu, akawapandisha. Asubuhi alikuwa amepiga makofi nyuma ya mweupe huyu, naye hakugeuka; kisha mfugaji akapiga magoti akatubu, lakini hakumwambia mtu.

Shemeji alikwisha kumpakata. "Porini nikimpigia mluzi tu, huyo karudi."

"Shemeji." Mfugaji alimshika mkono. "Mweke chini. Simama nyuma yake, halafu umwite."